Bahari Iliyofunguka Siku za Witiri

Kazi yangu ya kwanza ya ofisini London ilikuwa kupaka rangi barafu. Kabla ya hapo nilifua mashuka ya hospitali pamoja na mama yangu, mikono ikichubuka kwa dawa, na nilipoona gazetini kwamba wanatafutwa makarani wenye mkono mtulivu wa kuchora, nilikwenda siku ile ile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tulikuwa tumetoka Unguja mwaka uliofuata mapinduzi, mimi na mama tu. Baba alibaki. Barua zake zilikuja kwa miaka miwili, kisha zikakatika, na mama hakutaka jambo hilo lizungumzwe. Tuliishi Kilburn, chumba kimoja juu ya duka la viatu, jiko tukilitumia pamoja na watu wa vyumba vingine vitatu.

Chumba cha kazi kilikuwa chini ya ardhi, katika jengo la ofisi ambayo sitaitaja. Madirisha yalikuwa juu karibu na dari, na kilichoonekana nje ni miguu ya wapita njia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtambo uliozunguka angani ulipita juu ya ncha ya kusini ya dunia kila siku, ukapima miali isiyoonekana inayotoka chini na kuigeuza namba. Namba hizo zilichapwa ng'ambo kwenye makaratasi marefu, zikaletwa kwa ndege, nasi tukazipokea wiki kadhaa baadaye. Namba kubwa ilikuwa barafu, namba ndogo ilikuwa maji. Mbele yako unayo ramani tupu yenye miraba, na kila mraba una upana kama wa kutoka mjini Unguja mpaka Chwaka. Unasoma namba, unatafuta mraba wake, unapaka: maji unayapaka buluu, palipochanganyika unapaka kijivu, barafu tupu unaiacha nyeupe. Kule Julai ni giza mchana kutwa na kamera ya kawaida haioni kitu, kwa hiyo ramani zetu zilikuwa ndiyo macho ya watu wa meli na wataalamu wa hali ya hewa.

Mkuu wa chumba alikuwa Mwingereza mrefu wa miaka hamsini hivi, aliyewahi kukaa kule kusini majira mawili ya baridi. Baridi ilimla vidole vitatu vya mguu wa kushoto, na alivitaja vidole hivyo kama mtu mwingine anavyotaja shahada zake. Ukimpelekea ramani yenye kosa hakukurudishia mkononi. Aliiachia ianguke sakafuni, akangoja uiname.

"Barafu umeiona wapi wewe?" aliniuliza siku ya kwanza, mbele ya wasichana wanne wa Kiingereza niliokuwa nifanye nao kazi.

"Sijaiona, bwana, ila hii ya barabarani."

"Ya barabarani!" Wasichana wakacheka. "Basi hapa hutafikiri. Utapaka. Kufikiri ni kazi yangu."

Nikakubali. Mimi na mama tulihitaji barua ya mwajiri kila mwaka ili kibali chetu cha kukaa kiongezwe, na aliyetia saini barua yangu ni yeye.

Lazima nikiri kwamba kazi yake aliijua. Alitufundisha kwamba barafu ya bahari hailali kama sakafu. Inasafiri. Upepo unaoteremka kutoka bara lile la barafu ni mzito na mkali. Unaisukuma barafu mpaka inaachana na pwani, na pale ilipoachana panabaki ukanda wa maji meusi. Maji yale yanaganda. Upepo unaisukuma barafu mpya nayo, yanaganda tena. "Ni kiwanda," alisema, akigonga ramani kwa kalamu. "Upepo ndiye msimamizi, na msimamizi mzuri hana huruma." Kwa hiyo buluu nyembamba kandokando ya pwani aliikubali. Katikati ya bahari, mbali na nchi kavu, ndani ya baridi kali, hapo alisema hapafunguki kamwe. Alikuwa amepita huko kwa meli, akasikia barafu ikisaga ubavu wa chuma wiki nzima, na kwake yeye hilo lilimaliza maneno.

Mwaka wangu wa pili aliletwa mzee mmoja wa Kihindi kutoka Mwanza. Alikuwa mpima ardhi wa serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, akapunguzwa kazini, akaja London na mkewe, wakakaa Rayners Lane kwa shemeji yake. Alijua ramani kuliko mtu yeyote chumbani mle, mkuu akiwemo, lakini alipewa cheo sawa na changu na meza iliyotazamana na yangu. Siku yake ya kwanza nilikuwa nikinong'ona namba zangu kama kawaida yangu, mia mbili arubaini na moja, mia mbili na arubaini, nikaona ameinua kichwa.

"Binti, unahesabu Kiswahili?"

Nikashtuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Wa wapi?"

"Unguja."

"Mimi Mwanza. Kiswahili changu cha bara, utanivumilia."

Alifurahi kama mtoto. Tukawa tunazungumza kwa sauti ya chini, hata siku ya tatu mkuu akapita akasimama nyuma yetu. Akasema humu ndani tunasema lugha ya watu. Anayetaka ya nyani, bustani ya wanyama haiko mbali, na basi linafika mpaka mlangoni. Kuanzia hapo tulizungumza wakati wa chai tu, kwenye korido, tumesimama karibu na bomba la joto.

Pale koridoni mzee alinipa chapati alizopika mkewe, na mimi nikala. Tukirudi ndani, wasichana wakiziba pua kwa harufu ya binzari iliyotoka kwenye kopo lake la chakula, nami niliziba. Mara moja nilisogeza kiti changu mbali naye, kwa makusudi, ili waone. Mzee akaona pia. Akachukua kopo, akaliweka chini ya meza, akalifunika kwa koti lake, na tangu siku ile alikula nje hata mvua ikinyesha.

Nilikuwa hivyo. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba nilitaka wacheke pamoja nami badala ya kunicheka.

Kazi tuligawiwa kwa tarehe. Mzee alipewa tarehe za witiri, mimi za shufwa: yeye moja, tatu, tano, mimi mbili, nne, sita. Ramani zikikamilika zilipangwa kabatini kwa mfululizo, na kila Ijumaa makaratasi ya namba yalitiwa kwenye magunia yakachukuliwa kwenda kusagwa, maana chumba kilikuwa kidogo.

Majira ya baridi ya kule, ambayo kwetu yalikuwa kiangazi cha London, mzee aliinuka mezani kwake na karatasi ya namba, akaja kwangu bila kujali nani anatazama.

"Wewe ya tarehe nne umeshapaka?"

"Naanza."

"Tazama hapa." Aliweka kidole katikati kabisa ya weupe, mbali na pwani kila upande. Namba zilikuwa zikienda kubwa, kubwa, kubwa, halafu ghafla zikaporomoka, mstari baada ya mstari, kisha zikapanda tena. Nikatafuta mahali pale pale kwenye karatasi yangu. Zimeporomoka vivyo hivyo.

"Kwako lipo?" aliuliza.

"Lipo."

Lilikuwa shimo la bahari wazi ndani ya barafu. Kwa miraba yetu ungeweza kuitumbukiza Unguja na Pemba, na bado ukabaki na maji pande zote.

Mzee alifikiri siku mbili. Wakati wa chai alinieleza, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyenieleza kitu vizuri zaidi. Alisema Mwanza aliwahi kupewa kazi ya kupima kina cha ziwa kwa mti wenye alama. Upepo ukivuma siku mbili upande mmoja, ziwa hupanda upande ule na kupungua upande huu. Kwa hiyo alijua tangu zamani kwamba upepo haupigi uso wa maji tu, unayahamisha. Na kule kusini kuna jambo jingine: kwa sababu dunia inazunguka, barafu haifuati upepo moja kwa moja, inakwenda kushotoni kwake. Alikuwa ametazama ramani za upepo za mwezi ule. Dhoruba zilipiga pale pale moja baada ya nyingine, zikizunguka kama mshale wa saa.

"Sasa fikiri," alisema, akichora duara hewani kwa kijiko. "Upepo unazunguka hivi. Kila kipande cha barafu kinakwenda kushoto, maana yake kinatoka nje. Wote wanatoka nje. Katikati abaki nani?"

"Hakuna."

"Hakuna! Na maji yaliyosukumwa nje lazima yajazwe. Yanajazwa na ya chini. Na ya chini, binti, yana joto kuliko ya juu. Si joto la kuoga, lakini linatosha kuiyeyusha barafu."

Nikamwuliza kwa nini maji yale ya joto hayapandi siku zote. Akaniambia nikagandishe bakuli la maji ya chumvi nyumbani, nisiache yagande yote.

Nilifanya hivyo Jumamosi, kwenye friji la jiko letu la Kilburn. Mama alisimama pembeni akiuliza kama mshahara wanaonipa ni wa kuchezea bakuli. Barafu ilipofanyika juu nikaivunja, nikaisuuza, tukaonja. Ilikuwa na chumvi kidogo tu. Maji yaliyobaki chini yalikuwa makali mpaka mama akatema.

"Barafu imeikataa chumvi," alisema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikamwona ametabasamu.

Jumatatu mzee alinimalizia somo mezani, na hapo ndipo alipokosea, maana chai ilikuwa imeisha na mkuu hakuwa mbali. Alikuwa na glasi ya maji safi na kikombe cha maji ya chumvi aliyoyatia wino wa buluu. Aliyamimina yale ya wino polepole juu ya yale safi. Yakazama. Yalikwenda moja kwa moja mpaka chini kama kamba, na yale safi yakapanda kandokando.

"Umeona? Maji yanapoganda, chumvi inaachwa. Inayaongezea uzito maji yaliyo chini ya barafu. Siku yakizidi kuwa mazito, yanazama, na ya chini yenye joto yanapanda. Upepo unafungua mlango. Chumvi inauzuia usijifunge. Kwa hiyo shimo linaweza kukaa miezi."

"Ni nini hiki?" Mkuu alikuwa nyuma yetu.

Mzee akasimama. Akaeleza tena kwa Kiingereza chake cha kiofisi, kwa adabu, neno kwa neno, akaonyesha ramani yake ya tarehe tano yenye doa kubwa la buluu katikati. Ilikuwa imemchukua siku nne kuipaka. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Kisha akaichukua ile glasi, akainua mkono, na akaimimina juu ya ramani, polepole, kuanzia pwani mpaka katikati, mpaka tone la mwisho.

"Tazama," akawaambia wasichana. "Bahari nzima imefunguka."

Wakacheka. Nami nilicheka. Sikucheka kwa kulazimishwa, nilicheka kwa sauti, nikajisikia mwepesi. Mzee alichukua leso yake akaanza kukausha karatasi kwa kuigusagusa, bila kusugua, jinsi wanavyofanya watu waliofundishwa kutunza ramani.

Siku ile ile mkuu alituita mmoja mmoja. Aliniambia mtambo wa angani una hitilafu na unatoa madoa ya uongo, na kila doa la ndani nilijaze weupe. Alikuwa ameshawaandikia walio juu kwamba barafu imefunga sawasawa. Haya hakuyaandika popote, aliyasema kwa mdomo, mlango umefungwa. "Barua yako ya kibali," akaongeza, "inakuja mezani kwangu mwezi ujao, siyo?"

Nikarudi mezani nikaanza kujaza. Kujaza ilikuwa rahisi kwa sababu weupe hauhitaji penseli. Namba zinaporomoka, wewe unauacha mraba kama ulivyo, unaendelea na unaofuata. Shimo zima lilitoweka mikononi mwangu bila mimi kufanya kitu.

Mzee hakukubali. Alirudia ramani yake ya tarehe tano, akapaka ya saba, ya tisa na ya kumi na moja, zote na doa lake. Kwenye korido aliniuliza, "Lako bado lipo? Linakua?"

"Bado lipo," nikasema. "Linakua."

Hilo nililisema. Nilimjibu ukweli kwa Kiswahili, halafu nikaingia ndani nikapaka uongo.

Kwa hiyo kabatini mambo yalikaa hivi: tarehe za witiri bahari imefunguka, tarehe za shufwa imejifunga. Tarehe saba maji, nane barafu, tisa maji, kumi barafu. Eneo kubwa vile likawa linafunguka na kujifunga kila siku kama kope la jicho. Mkuu hakufungua kabati, au nilidhani hakufungua. Waliolifungua ni wazee wawili wa ghorofa ya juu waliokuja kutafuta ramani kwa ajili ya mkutano wao. Waliteremka asubuhi moja, wakatandaza ramani kumi na mbili kwenye meza kubwa, wakatuita sote.

"Barafu haiwezi kufanya hivi," mmoja wao alisema, wala hakusema kwa ukali. "Mmoja kati yenu amepaka asichokiona. Namba ziko wapi?"

Namba zilikuwa zimekwenda na magunia.

Mzee akasema zinaweza kuombwa upya kutoka ng'ambo. Mkuu akasema hilo litachukua miezi na litatutia aibu mbele ya wenzetu. Kisha akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa laini. Sijawahi kumsikia laini vile, kabla wala baadaye.

"Mwambie bwana. Namba zako zilionyesha nini hapa katikati?"

Wote walinitazama isipokuwa mzee. Yeye alikuwa anaitazama ramani, mtulivu kabisa, na najua kwa nini alikuwa mtulivu. Alijua nitasema nini. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe mara tatu au nne karibu na bomba la joto.

"Barafu," nikasema. "Kila siku barafu."

Ndipo alipoinua macho. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Nilingoja aseme: lakini uliniambia. Nilikuwa hata nimetayarisha jibu, kwamba sikuelewa Kiswahili chake. Badala yake alichukua kalamu yake ya kupimia, ile aliyokuja nayo kutoka Mwanza, akaitia mfuko wa ndani. Waliomfukuza waliandika kwamba macho yake yamechoka na hafai kwa kazi ya makini. Aliondoka kabla ya saa sita mchana. Wasichana walifungua madirisha, wakasema sasa hewa itabadilika.

Mwezi uliofuata barua yangu ya kibali ilitiwa saini. Mama aliibusu. Nilitaka kumweleza, nikamweleza, tukiwa tunamenya viazi jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu.

"Yule aliyekuambia ugandishe maji?"

"Ndiye."

"Ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Umekula chapati zake mwaka mzima, hujui kama ana watoto." Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Hakunikemea zaidi, na wala hakunitaka niirudishe ile barua. Alikuwa anaihitaji kama mimi.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia kule kusini, namba ziliporomoka tena, karibu na pale pale, shimo kubwa kuliko la kwanza. Safari hii wataalamu wa ng'ambo walikuwa wameliona wenyewe kwenye mitambo yao na kuandika kwamba halina ubishi. Asubuhi moja mkuu aliingia, akasimama katikati ya chumba, akasema kuanzia leo doa la ndani lipakwe buluu, kwa uangalifu mkubwa. Halafu akaniambia nimletee ramani zote za mwaka uliopita. Alizipitia mezani kwake, akaziweka za mzee upande wa kulia, moja ikiwa na alama ya maji na wino uliokauka, na zangu upande wa kushoto. Za kushoto akazitia kwenye pipa la takataka.

Baada ya miezi ilitoka makala yake kuhusu upepo unaozunguka, barafu inayotawanyika nje, chumvi inayozama na maji ya joto yanayopanda. Michoro yake ilikuwa ya siku za witiri tu. Mwishoni aliwashukuru makarani kwa jumla.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwendea. Nikamwambia, "Bwana, mwaka jana nilisema uongo."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile. Mimi ndiye niliyekwambia ujaze, umesahau? Kabati nililifungua kila jioni." Akageuza ukurasa. "Karani anayeona vizuri nilikuwa naye tayari. Nilihitaji anayesema anachoambiwa. Yule mzee asingekuwa hivyo hata angekaa hapa miaka mia. Wewe ulikuwa hivyo tangu siku ya kwanza." Kisha akaiachia karatasi aliyokuwa ameishika, ramani yangu ya wiki ile, ikaanguka sakafuni. Mraba mmoja ulikuwa umepakwa kijivu badala ya buluu. Nikainama, nikaiokota.

Jumapili hiyo nilipanda treni mpaka Rayners Lane. Anwani niliipata kwenye kitabu cha mishahara. Ilikuwa nyumba ya tofali kama zote za mtaa ule, dakika chache kutoka stesheni, baada ya maduka ya vitambaa na mboga. Mlango aliufungua mkewe, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe. Nikamwamkia kwa Kiswahili, nikasema nilifanya kazi na mzee.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa Unguja."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alikusifu sana hapa nyumbani. Akisema, huyu mtoto ana akili, anahesabu Kiswahili." Alishika mlango kwa mikono miwili. "Sasa anapanga trei za chakula cha abiria wa ndege huko Hayes, kwenye ghala, kwenye chumba cha baridi. Anaingia na koti, vidole havitaki kukunjika tena. Umekuja kutaka nini?"

Kabla sijajibu mzee alitokea nyuma yake, amevaa sweta mbili. Alikuwa amekonda. Nilianza kusema maneno niliyoyapanga tangu Kilburn, kwamba nimekuja kuomba radhi, lakini alinikatisha kwa mkono.

"Lilirudi?"

"Lini... nini, mzee?"

"Shimo. Mwaka huu. Lilirudi?"

"Lilirudi. Kubwa zaidi. Sasa wote wanalikubali."

Uso wake ulifunguka. Alimgeukia mkewe akamwambia kitu kwa Kigujarati, haraka haraka, akicheka, akimpiga bega kwa ile mikono migumu. Kisha akanirudia mimi na akasogea mpaka kizingitini.

"Liko pale pale au limehama?"

"Limehama kidogo. Magharibi."

"Magharibi! Sawa, sawa, maji yanalibeba. Na upepo? Mwezi ule ulikuwa wa namna gani? Dhoruba ziliendelea kuzunguka, au lilibaki wazi lenyewe, bila upepo? Maana kama lilibaki lenyewe basi ni chumvi, binti, ni chumvi ndiyo inayolishika!"

Ramani za upepo zilikuwa kwenye rafu hatua tano kutoka mezani kwangu, na mwaka mzima sikuwahi kuzishusha. Nilipaka buluu nilipoambiwa buluu.

"Sikutazama," nikasema.

Alingoja kidogo, kana kwamba nimesema utani na sehemu ya pili inakuja. Nikarudia. "Sikutazama, mzee."

Furaha ikamtoka. Sikuona hasira yoyote. Alinitazama tu, akatazama viatu vyangu vipya, akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole.

"Basi usije tena," alisema, kwa upole, akaingia ndani. Mkewe alibaki na mimi muda mfupi, akaniuliza kama najua njia ya kurudi stesheni. Nikasema najua. Akafunga.

Nilikaa kwenye kazi ile miaka mingine tisa. Shimo lilifunguka majira matatu mfululizo, kisha halikufunguka tena, na hakuna aliyekuwa na hakika kwa nini. Wengine walisema upepo umebadilika, wengine walisema maji ya juu yamepungua chumvi. Ramani za upepo nilianza kuzitazama kila mwezi, nikaandika daftari zima, dhoruba kwa dhoruba, lakini hakukuwa na mtu wa kumpelekea.